Jina Lililokuwa Ndani ya Mpini

Msuka haupigwi msasa.

Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, tumekua tukiisikia methali hii, na majirani nao wanaitumia. Hakuna aliyewahi kuuliza ilianzia wapi mpaka siku Nakijwa alipokuwa akijaza fomu ya chuo cha hoteli. Nakijwa ni mjukuu mkubwa, na jina lake ni la bibi. Lakini kwenye fomu, mahali pa jina, alikuwa ameandika "Nancy".

Bibi alikuwa akichambua mchele karibu yake. Akainama, akasoma polepole.

"Nancy ndiye nani?"

"Ndiye mimi, bibi. Nakijwa watanicheka. Watasema nimeshuka na basi la Upare leo asubuhi."

Bibi hakugomba. Alipepeta ungo mara mbili, akasema, "Msuka haupigwi msasa," akaingia jikoni.

Sote tukamgeukia babu. Tukamuuliza msuka ni nini hasa, na nani aliyesema maneno hayo mara ya kwanza.

Babu Hafidh akavua miwani. "Msuka ni ule ulimi wa chuma unaoingia ndani ya mpini," akasema. "Jembe lina msuka, kisu kina msuka, na upanga pia. Ukikishika chombo huuoni. Na aliyeyasema kwanza ni huyo aliyeingia jikoni sasa hivi. Mimi ndiye niliyeambiwa. Asili yake ni hii."

Nililelewa na mjomba wangu, Mzee Msellem. Ujana wake wote alikuwa fundi wa mitambo katika meli za mizigo, na meli zake zilikuwa zikitia nanga Japani. Wenzake wakishuka pwani walinunua redio na saa. Yeye alinunua vyuma vya kale. Alirudi nyumbani na deraya, yaani vazi la vita la vibamba vya chuma vilivyoshonwa kwa kamba za hariri. Alirudi na gobore la zamani, lile la kuwashwa kwa utambi. Na alikuwa na panga mbili. Mmoja ala yake ilikuwa nyeusi, inang'aa, ina maua ya dhahabu. Wa pili ulikuwa katika ala ya mti mtupu, kama mwiko.

Mtaa mzima ulimcheka. Wakimwona wanasema, "Mzee Msellem, lori la chuma chakavu linapita, hutaki kupakia?" Naye anajibu, "Pakieni kwanza masufuria yenu." Lakini akirudi ndani hucheka kidogo tu, maana shaka hiyo alikuwa nayo mwenyewe. Hakujua kusoma maandishi ya Kijapani, na alikuwa amesikia kwamba wakati wa vita panga nyingi zilitengenezwa kwa mashine, maelfu kwa maelfu. Akaniambia siku moja, "Hafidh, nimebeba vitu hivi bahari nzima. Kabla sijafa nataka kujua kama nilibeba upanga au nilibeba nondo."

Basi mji ukaamua kufungua nyumba ya makumbusho. Mjomba akaomba vyuma vyake viwekwe humo. Kamati ikamjibu kuwa atakuja mtu kutoka Japani, anayezijua silaha za huko. Akisema ni za kweli, zitapewa chumba. Akisema ni za kuigizia michezo, mzee azirudishe kwake. Mjomba hakulala vizuri wiki hiyo. Alikuwa anakwenda msikitini, anarudi, anazitazama tena.

Mimi nikasema nitamsaidia. Nikaifuta deraya vumbi, nikapaka gobore mafuta, kisha nikazigeukia panga. Kwenye mpini, chini ya kamba na ngozi ya samaki taa iliyokwaruza viganja, niliona kijiti cha mwanzi. Nikakisukuma kwa msumari, kikatoka, na mpini wote ukachomoka kama soksi. Ndani nikakuta msuka. Ulikuwa na kutu nyeusi, na juu yake mikwaruzo iliyokaa ovyo. Nikaona aibu. Mgeni anatoka Japani, tumwonyeshe kutu?

Nikachukua msasa. Nikausugua msuka wa upanga wa ala ya dhahabu asubuhi nzima, mpaka ukang'aa kama kijiko. Nikajisifu. Nikauvua mpini wa ule wa pili, nikakunja msasa mpya.

Siku hizo pale nyumbani alikuwepo msichana aliyekuja kumsaidia mke wa mjomba. Alitoka Usangi, huko Upare, baba yake mhunzi. Aliishia darasa la tano, mama yake alipofariki. Alikuwa na haya nyingi. Ukimwita anajibu akitazama kidole chake cha mguu, na wageni wakija hujificha nyuma ya pazia mpaka waondoke. Katika miezi saba nilikuwa sijamsikia akisema sentensi mbili mfululizo. Siku ile alipita na ndoo ya maji, akaona nilichoshika, akaitua ndoo chini kwa kishindo.

"Kaka Hafidh, huo ni msuka."

"Najua. Una kutu."

"Msuka haupigwi msasa."

Nikacheka. "Nani kasema? Hilo darasa la tano ulilokimbia walifundisha panga za Japani?"

"Darasani walinifundisha kusoma," akasema. Sauti ilikuwa inatetemeka, lakini haikukatika. "Hili nililijua kiwandani kwa baba, anapofulia chuma. Mhunzi akimaliza jembe hupiga tupa kwenye msuka, mistari yake mwenyewe. Jembe linalimia miaka, linaliwa na udongo, mpini unavunjika, unawekwa mwingine. Siku likirudishwa kiwandani, babu yangu anang'oa mpini, anatazama msuka, anasema, hili ni la fulani, alilifua mwaka wa njaa. Kutu ya msuka ndiyo inayosema umri wake. Mtoto akiisugua anachapwa."

"Hili si jembe la Wapare."

"Chuma ni chuma, kaka."

Nikanyoosha mkono kuuvuta upanga. Mtoto wa watu, aliyekuwa anaogopa hata kuitika salamu, akaunyakua msasa mkononi mwangu na kuutupa ndani ya ndoo. Ukalowa ukawa kama andazi kwenye chai. Mimi nikabaki nimeshika hewa.

"Nenda kanishtaki kwa mjomba," akasema, akaanza kulia hapo hapo, akakimbilia ndani.

Sikumshtaki. Kusema kweli sikuwa na msasa mwingine.

Mgeni alikuja kesho yake baada ya adhuhuri. Jina lake Bwana Haruyama. Ujana wake aliwahi kufundisha hesabu Korogwe, kwa hiyo Kiswahili alikijua, ingawa alikisema kama anayepanda ngazi. Aliishika deraya, akageuza kibamba kimoja kimoja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alinusa mdomo wa gobore, akatabasamu. Kisha akaomba panga. Ile ala ya dhahabu, niliyoipangusa mara tatu, hakuitazama hata kidogo. Alisema tu, "Naomba tuvue mpini."

Nikauvua mimi mwenyewe, kwa majivuno. Msuka ukang'aa. Mgeni akautazama, akaugeuza, akautazama tena, na uso wake ukaanguka kama wa mtu aliyefika msibani.

"Nani amesugua hapa?"

Mjomba akanitazama. Nikasema, "Mimi. Ulikuwa mchafu."

"Haukuwa mchafu," akasema taratibu. "Mfua panga wa kwetu huandika jina lake hapa, mahali ambapo mkono wa mwenye upanga unafunika. Hapa palikuwa na jina. Naona mkia wa herufi moja tu. Pengine upanga huu una miaka mia nne. Pengine ni wa juzi. Sasa hakuna mtu duniani anayeweza kusema."

Mjomba aliketi juu ya sanduku. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu, "Uliobaki usiuvue, mwanangu. Inatosha."

"Tuuvue, mjomba," nikasema. "Huo sikuugusa."

Ala ya mti mtupu ikawekwa kando, mpini ukatoka. Bwana Haruyama alipoiona ile kutu nyeusi aliacha kuegemea kiti. Alitoa kitambaa cheupe mfukoni, akaushika upanga nacho kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Akausogeza dirishani. Midomo yake ikawa inacheza, anasoma ile niliyoiita mikwaruzo. Kisha akageuka, akamwinamia mjomba mpaka kiunoni.

"Mzee Msellem, jina lipo. Namjua mtu huyu. Alifua upanga huu zaidi ya miaka mia tatu iliyopita."

"Si nondo?" mjomba akauliza.

"Nondo ni nini?"

Tukamweleza. Akacheka mpaka akapangusa macho. "Hapana, mzee. Umebeba upanga."

Mjomba alifunika uso kwa kofia yake. Alipoufunua, mgeni akauliza kwa nini msuka mmoja ulisuguliwa na mwingine ukaachwa. Wote wakaningoja. Ningeweza kujibu chochote, lakini nyuma ya pazia niliona vidole vya miguu.

"Alinizuia Nakijwa," nikasema. "Mimi nilimcheka."

Akaitwa. Akatoka hatua mbili, akasimama, macho chini. Bwana Haruyama akamsogezea upanga, akamuuliza alijuaje. Akanyoosha kidole bila kugusa.

"Hii ni mistari ya tupa," akasema. "Imelala upande mmoja. Kwetu kila kiwanda kina ulalo wake."

"Na kwetu vilevile!" mgeni akasema kwa sauti kubwa. "Ulalo huu ni wa ukoo wake. Baba yako anafanya kazi gani, dada?"

Hapo ndipo nilipomwona akiinua uso kwa mara ya kwanza. "Baba yangu ni mhunzi," akasema. "Na babu yangu, na baba yake babu."

Mgeni akamwinamia na yeye, vilevile mpaka kiunoni.

Chumba kilifunguliwa. Upanga umo mpaka leo. Kwenye kibao chake pana jina la aliyeufua, pana jina la Mzee Msellem aliyeuleta, na chini yake pameandikwa: Ulinusurika kwa mkono wa Nakijwa, binti wa mhunzi, Usangi. Mjomba alikuwa akisimama mbele ya kibao kile na kuwasomea wageni, hata wale wanaojua kusoma.

Babu alimaliza hadithi yake. Akainuka, akatoa nyuma ya kabati kitu kirefu kilichofungwa kwa kitambaa. Ulikuwa ule upanga wa ala ya maua ya dhahabu. "Mjomba aliniachia mimi huu," akasema. Akasukuma kijiti, mpini ukachomoka, msuka ukang'aa mkononi mwake. Akampa Nakijwa.

"Soma."

Nakijwa akaugeuza huku na huku, akapitisha kidole. "Hakuna kitu, babu."

"Unang'aa, sivyo? Unapendeza. Lakini haujui ulifuliwa na nani."

Bibi akaita kutoka jikoni, "Wali tayari! Huyo Nancy naye atakula?"

"Nancy hayupo, bibi," Nakijwa akajibu. "Yupo Nakijwa."

Akavuta fomu, akakata lile jina kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika jina lake lote, lake na la baba na la ukoo. Alikandamiza kalamu hata herufi zikaonekana upande wa pili wa karatasi.

Babu akarudisha mpini mahali pake, akakigonga kijiti.

"Msuka," akasema, nasi sote tukamalizia, "haupigwi msasa."