Kete Tatu na Birika la Msikiti

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa kale wa pwani, ambao leo umebaki kuta na makaburi, alikuwapo mja mmoja akiitwa Lali bin Athmani, mshona viatu vya ngozi. Alikuwa mtu wa kuhifadhi sala zake na mwepesi wa kutoa, ila hasira zake zilikuwa za karibu. Mwenyewe alilijua hilo, na kila alfajiri akimwomba Mola wake amruzuku subira. Na mwenye kuomba subira ajiandae, maana haiji imepakuliwa kwenye sahani. Huletewa jambo la kumsubirisha.

Kila Alhamisi baada ya alasiri rafiki zake walikusanyika barazani kwake kucheza bao. Usiniulize hapa kama mchezo unajuzu au haujuzu. Wenye elimu wameshalizungumza, na sisi tuna kisa cha kumaliza. La kujua ni kwamba fedha haikuingia pale, wala mali ya aina yoyote. Walikubaliana tu kwamba atakayefungwa bao la mwisho atateka maji kisimani na kulijaza birika la msikiti, waumini wapate kutawadha, mpaka Alhamisi ya pili yake. Wakaweka na sharti: hapana wa kumsaidia, ila aombe msaada kwa ulimi wake mwenyewe. Tangu sharti hilo liwekwe hakuna aliyewahi kuomba. Wanaume ni wanaume.

Katika hao alikuwamo Mzee Kombo bin Stambuli, tajiri aliyeheshimiwa na mji mzima, nywele nyeupe pe, na ndiye aliyewafunza bao wote waliokaa pale. Alikuwamo na Sefu Famau, mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu mpole aliyekuwa akiwalea binti wawili wa marehemu dada yake. Na alikuwamo Bunu, mfua fedha, ambaye Mungu alimpa mikono ya ustadi na ulimi usio na mlango.

Basi Mzee Kombo akaanza kushindwa. Mara ya kwanza wakacheka, wakamtania kwamba wanafunzi wamemla mwalimu wao. Alhamisi iliyofuata akafungwa tena, na iliyofuata tena, na kila mara mkono uliomfunga ulikuwa wa Sefu. Watu wakawa wanamwona mzee yule akivuta kamba ya kisima, mgongo umepinda, jasho likimtiririka ndevuni, na ukiangalia vizuri ungesema anatabasamu. Lakini nani huangalia vizuri akishaona huruma?

Lali ndiye aliyekuwa akizikusanya kete na kuzirudisha katika mfuko wa ngozi alioushona mwenyewe. Jioni moja akazihesabu, akakuta zimepungua tatu. Akatafuta chini ya mkeka, akakung'uta na mito, asizione. Alhamisi ilipofika wakazimimina ubaoni, na kumbe zimetimia zote. Mchezo ukaisha, mzee kafungwa, Lali akahesabu: tatu hazipo. Akashika kichwa.

Akakosea akamwambia Bunu. Bunu hakuhitaji kufikiri. Akasema mzee anaibiwa mchana kweupe, na mwizi hutafutwa penye faida. Ni nani anayeshinda kila wiki? Akataka wasimame msikitini baada ya sala ya Ijumaa wamtaje Sefu mbele ya watu. Damu ya Lali nayo ilichemka. Mtu anayewafundisha watoto Msahafu, amwibie kete mzee wa umri wa baba yake, kisha amtazame akivuta maji? Alitamani kwenda kumkamata kanzu saa ile ile.

Na jambo lenyewe likawa zito zaidi, kwa sababu wiki hiyo alifika mtu kutoka mji wa mbali, jamaa wa baba wa wale mayatima wa Sefu, akidai apewe awachukue. Watoto hawakupata kumwona hata siku moja. Yule mdogo, Mwanamize, alikuwa hali chakula mpaka mjomba wake ammegee tonge la kwanza. Kadhi akapanga siku, akamwamuru Sefu alete mashahidi wawili waadilifu wa kusema kwamba yeye ni mwaminifu. Sefu akamtaja Mzee Kombo. Na wa pili akamtaja Lali.

Lali akakosa raha. Akisema Sefu ni mwaminifu na moyo wake hausemi hivyo, amekula kiapo cha uongo. Akisema ni mwizi, watoto watapakizwa safarini, na jina la mtu litakuwa limekufa kwa ajili ya kete tatu. Mkewe, Mwana Hadia, alimwona anakata ngozi vipande visivyo na umbo la kiatu, akamuuliza kulikoni. Akamweleza yote. Yule bibi, Mungu amrehemu, akamuuliza neno moja tu.

"Umeona mkono, au umeona pengo?"

Lali akakiri kwamba ameona pengo.

"Basi, bwana wangu, pengo halina jina."

Neno hilo likamshika. Akamwendea Bunu, akamsihi kwa jina la Mungu aufunge mdomo wake mpaka kadhi ahukumu, na Bunu akakubali kwa shingo upande. Kisha akaenda nyumbani kwa Sefu, peke yake, akamwambia ana kwa ana dhana iliyomwingia. Huo ndio uungwana: ukiwa na neno juu ya nduguyo, mlango wa kwanza kuubisha ni wake.

Sefu alisikiliza mpaka mwisho. Macho yalimjaa machozi, lakini sauti hakuipandisha. Alisema kete hakuchukua, na kwamba hata yeye anashangaa jinsi anavyomshinda mzee. Lali akamuuliza kama yuko tayari kuapa.

"Ndugu yangu Lali," akajibu, "kama huniamini mimi, kiapo changu utakiaminije? Nenda kwa kadhi ukaseme unalolijua. Usilolijua usiliseme, wala kwa kuniumiza wala kwa kunihurumia."

Siku ikafika. Yule mgeni alikaa upande mmoja, Sefu upande mwingine, na watoto wawili nyuma yake wameshikana mikono. Mzee Kombo alitangulia kushuhudia, akamsifu Sefu kwa maneno mazuri. Ikaja zamu ya Lali. Akasimama, akasema kwamba amemjua Sefu tangu utoto wao, hajapata kumwona akila haki ya mtu, na mayatima wale wanalelewa kwa mapenzi. Angeweza kukaa pale. Lakini alihisi akikaa atakuwa amemficha Mungu kitu, kana kwamba Mungu hufichwa. Akasema ndani ya moyo wake ipo dhana moja, haina ushahidi, na anamwomba kadhi aijue ili asije akawa ametoa shahada nusu.

Kadhi akamtaka aiseme. Akaisema: kete zinazopotea na kurudi, mzee anayeshindwa, na Sefu anayeshinda. Baraza zima likageuka kumtazama Sefu, na Sefu akainamisha kichwa, mkono wake ukarudi nyuma kuwatafuta watoto. Yule mgeni akaanza kukusanya joho lake kama mtu aliyekwisha kupewa.

Hapo Mzee Kombo akainuka.

"Shehe, mwizi wa kete ni mimi. Nilijiibia mwenyewe ili nishindwe."

Mzee akaeleza, na kila neno lilimtoka kama jino. Alisema tangu ndevu zake zigeuke nyeupe, kila anaposhika kamba ya kisima watu humkimbilia na kumpokonya, wakimwambia mzee pumzika, mzee usijichoshe. Ameishi miaka yake yote akitekewa maji na watumwa, na watoto, na majirani. Akajiuliza siku atakapoulizwa mikono hii ilimtekea nani, atajibu nini? Ndipo akaona katika lile bao pana mlango, kwa kuwa aliyeshindwa hapokonywi ndoo. Akawa anazificha kete zake katika kanzu wakati wa kuzigawa mashimoni, na Alhamisi akiwahi kufika huzirudisha katika mfuko wa Lali kabla wenziwe hawajaketi, kwa kuwa hakutaka kitu cha mtu kimkalie moja kwa moja.

"Nilitaka pasiwe na ajuaye ila Mungu," akasema. "Sikujua kwamba najisitiri kwa kumvua Sefu sitara yake. Mwanangu, nisamehe."

Sefu akamwendea, akambusu mkono. Bunu, tunaambiwa, alikuwa akitazama sakafu kama mtu aliyedondosha sindano.

Kadhi akajifuta macho, na hakuna aliyejua kama alikuwa akilia au akicheka. Akahukumu watoto wabaki kwa mjomba wao. Kisha akamgeukia mzee, akamwambia kwamba ametaka jema kwa njia ya hila, na hila hiyo nusura iwang'oe mayatima wawili nyumbani kwao.

"Thawabu haiibwi, Mzee Kombo," akasema. "Huombwa."

Akamwamuru jioni ile ile acheze bao na Sefu mbele ya watu, kwa ustadi wake wote, bila kumwachia makusudi.

Aa, mji ulijaa pale kwa Lali! Watu walikaa mpaka kwenye ngazi za jirani. Mzee Kombo akakunja mikono ya kanzu mpaka kwenye viwiko, ili kila mtu aone viganja vyake, na akacheza kama alivyokuwa akicheza ujanani. Alikula huku, akala kule, kete zikilia ubaoni, na Sefu akihema. Kahawa haijapoa, safu ya mbele ya Sefu imebaki mashimo matupu. Baraza likalipuka kwa takbiri na vicheko, na Lali, yule wa hasira za karibu, alikuwa akicheka na machozi yanamtoka.

Sefu akasimama ameshindwa, uso unang'aa. Akajifunga kikoi, akaichukua ndoo ya ngozi, akashuka barazani. Alipofika njiani akageuka.

"Mzee wangu, kisima kirefu na mimi ni mmoja. Naomba unisaidie."

Aliyewahi kuomba hakuwapo, na huyu ameomba. Sharti ni sharti. Nani angemzuia mzee? Wanasema Mzee Kombo alishuka ngazi mbili kwa hatua moja, akaviacha viatu vyake barazani, viatu alivyoshonewa na Lali, akaenda pekupeku. Mmoja akavuta, mmoja akamimina, Mwanamize na dada yake wakibeba kwa kata. Baadaye kidogo akaonekana Bunu anakuja na kamba begani, anaomba naye. Magharibi ilipoadhiniwa birika lilikuwa limejaa hadi linamwagika uani, na mji ukatawadha.

Ndugu zangu, Lali hakupata kuuona mkono ulioficha kete, wala hakuhitaji. Alisema alichokijua, akakiita dhana kile kilichokuwa dhana, na Mola akaleta mwenye nacho akakidhihirisha mwenyewe. Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi za kusubiri namna hiyo. Na ukimwona mzee ameshika ndoo, mwamkie, kisha umwache ateke.