Bi Sikudhani na Gari la Kitufe

Zamani, lakini si zamani sana, Bi Sikudhani alikuwa ndiyo kwanza amewasha gari lake jipya nje ya soko, pale Ngunguri, jambazi mwenye mabega kama kabati, alipomfungulia mlango.

"Shuka, mama. Niachie ufunguo."

"Hili halichomekwi ufunguo, baba," alisema Bi Sikudhani, akishuka na kikapu chake cha dagaa. "Si unasikia linanguruma lenyewe? Ila taa ya mafuta imewaka. Jaza hapo mbele, lisije likakuzimikia darajani."

Ngunguri aliona amekutana na mama mwenye roho nzuri, akaingia garini, akaondoka nalo.

Bi Sikudhani alimfuata kwa miguu, hana haraka. Kwenye kituo cha mafuta mhudumu alikuwa amekataa kumimina hata tone mpaka injini izimwe. Sasa tangi lilikuwa limejaa, Ngunguri amebonyeza kitufe mpaka kidole kimevimba, na watu wamemzunguka wakimpa ushauri.

Bi Sikudhani alipenyeza mkono chini ya dagaa, akatoa rimoti, ambayo bila hiyo gari likishazimwa haliwaki tena.

Ngunguri aliitazama, akamtazama mwenyewe. "Mama, sikudhani..."

"Sikudhani ni mimi," alimjibu. "Wewe shuka. Na ahsante kwa mafuta."