Waya Uliokaushwa Kivulini

Kawia ufike. Wavivu wameiiba methali hii wakaifanya mto wa kulalia, ilhali wahenga walimtungia mtu mwingine kabisa: yule anayejua aendako, akaona njia imeharibika, akasimama kuitengeneza huku wenzake wakimcheka. Mtu wa namna hiyo yuko Kindu, mji wa Kongo, na jina lake ni Sofia, binti Ilunga.

Enzi za vita, Ilunga alikuwa mwendeshaji wa foni, ile redio kubwa ya kupelekea habari. Treni zilikuwa zimekwama, barua haziji, na aliyetaka kujua kama ndugu yake wa Lubutu yu hai alipanga mstari mlangoni kwa Ilunga. Siku moja mvua ilipenya paa, ikailowesha foni chapachapa. Ilunga akatoa betri, akaifungua, akaifuta kwa kitambaa, kisha akaiacha kivulini siku mbili. Alitukanwa matusi ya nguoni. Mtaa wa pili palikuwa na foni nyingine iliyonyeshewa vilevile. Mwenyewe alikuwa na haraka, akaiwasha na maji yake, ikatoa moshi na kufa papo hapo. Ya Ilunga ilisema siku ya tatu, na sauti ya kwanza kutoka Lubutu ilimwambia mama mmoja kwamba wanawe wote wanne wako salama. Sofia alikuwa na miaka tisa. Alimwona baba yake akilia mbele za watu, wala hakusahau.

Vita viliisha, lakini viliacha mayai yake ardhini. Njia ya kwenda mashamba ya mpunga, nje kidogo ya mji, ilitegwa mabomu, na kwa miaka zaidi ya ishirini wanawake wakawa wanazunguka mwendo wa saa mbili porini. Ndipo kikaja kikosi cha kutegua mabomu, na Sofia akiwa humo. Kazi yake ilikuwa kupitisha detekteri, chombo cha kugundua chuma, hatua kwa hatua. Siku ya Alhamisi zilibaki mita kumi na mbili tu. Mvua ikashuka kama iliyomwagwa, wakakimbia, na detekteri ikalowa hadi kwenye mpini.

Mkuu wa kikosi, Rémy, alikuwa mtu mwema mwenye haraka. Jioni ile alifanya kama afanyavyo kila mtu wa Kindu simu yake ikiingia maji: alikichukua chombo, akakifukia ndani ya gunia la mchele.

Asubuhi, siku iliyopangwa kupanda mpunga, wanawake walikuwa wamekwisha kufika na majembe na mbegu. Kabla ya kazi, Sofia alipitisha detekteri juu ya kipande cha chuma cha kujaribia. Ikalia. Akarudia, ikalia. Mara ya tatu akautikisa waya kidogo, ikanyamaza kimya.

"Inalia hii, dada Sofia," Rémy alisema. "Mimi mwenyewe niliisikia."

"Inalia mara mbili, ya tatu inanyamaza, shefu. Ile njo kusema haiko muzima."

"Chombo ingine iko mbali, Kampene. Na watu wanangoja."

"Nawaona. Lakini mahali itanyamaza, muntu atakanyaga."

Akabadilisha betri; hali ikawa ileile. Akafungua mahali waya unapochomekwa, akaona kilichokuwa kikimsumbua: vumbi la pumba kutoka gunia la mchele lilikuwa limechanganyika na unyevu, likawa uji. Rémy alipouona uji ule aliinamisha kichwa. Sofia alisafisha kila tundu kwa brashi laini, akatoa betri zote, akaacha vifuniko wazi, akakitundika chombo kivulini penye upepo. Mmoja akamshauri akiweke juani, mwingine karibu na moto wa kukaushia samaki. Akakataa yote mawili, maana joto kali hupasua badala ya kukausha.

"Leo hatufanyi kazi," alisema.

Mama Fortunée, kiongozi wa wanawake wale, alitupa jembe chini. "Tulingojea vita iishe. Sasa tungojee waya ikauke? Mbegu yetu itaoza, mutoto wa Ilunga."

Maneno yale yalimchoma Sofia, kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Msimu haumngoji mtu, na wale walikuwa mama zake. Lakini alipiga moyo konde.

"Mama, unisamehe. Ukasirike leo, kesho upite."

Siku nzima watu walimsema. Jumamosi asubuhi alichomeka waya, akajaribu mara kumi akiutikisa kila mara. Ikalia mara kumi. Akaingia kwenye njia, magoti yakiwa kwenye tope.

Kwenye mita ya tisa chombo kilitoa mlio mdogo, mwembamba, ambao waya mchafu ungeumeza. Sofia aliweka alama, wakachimbua polepole kutokea ubavuni. Bomu lilikuwa pale, katikati kabisa ya njia, mahali ambapo mguu wa kwanza ungetua. Walipolilipua, ndege waliruka kutoka michikichini, na Mama Fortunée akakaa chini matopeni. Ni yeye aliyekuwa amechaguliwa kupita wa kwanza ile Ijumaa, mjukuu wake akiwa mgongoni.

Jioni mita zote kumi na mbili zilikuwa safi. Rémy alisema mbele ya wote, "Mimi njo nilikosea. Sofia alituokoa." Kisha akampa heshima ya kutangulia.

Mama Fortunée hakukubali atangulie peke yake. Alimshika mkono, wakapita pamoja, na mstari wa majembe nyuma yao. Upande wa pili mzee Ilunga alikuwa amesimama na fimbo yake. Alikuwa amezunguka porini tangu alfajiri ili aje kumpokea.

"Umekawia, mwanangu," alisema, na machozi yake hakuyaficha safari hii pia.

"Nimefika, baba. Na hawa wote wamefika."

Mpunga ulipandwa kesho yake, siku mbili baada ya siku iliyopangwa, na hakuna mguu uliopungua. Kweli wahenga hawakukosea: kawia ufike.