Zulia Alilotandika Unaisa

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji wa Wasit walikaa wanawake wawili wachamungu katika chumba kimoja cha kupanga. Mmoja aliitwa Lubaba, mjane msokota nyuzi, mzaliwa wa jangwani. Mwenziwe aliitwa Unaisa, aliyetoka nchi ya milimani, mbali upande wa mashariki. Walimwahidi mwenye nyumba, Mzee Hilali, kwamba watakaa hadi tende zivunwe, na kila mmoja atatoa nusu ya kodi. Maji na mafuta ya taa walinunua kwa zamu. Waliishi kwa wema, Unaisa akisoma Qur'ani na Lubaba akisikiliza huku anasokota.

Siku moja Lubaba alirudi kutoka sokoni akakuta upande wa mwenziwe mtupu. Kilichobaki ni zulia la Unaisa, zulia zuri la sufu, limetandikwa mahali pake kwa unadhifu. Jirani akamwambia, "Imemfikia habari kwamba mama yake yu mahututi. Msafara ulikuwa unaondoka, naye akaondoka nao, analia."

"Hakuniachia neno?"

"Hata moja, dada yangu."

Hapo Lubaba alichanganyikiwa. Kwao jangwani, tandiko lililotandikwa maana yake mwenyewe yu njiani anarudi, na haifai kulikalia. Basi akangoja. Mwezi ukaisha, Unaisa hakutokea, na Mzee Hilali akaja kudai kodi nzima.

"Nusu ni ya mwenzangu, mzee wangu," alisema Lubaba.

"Mwenzako yuko wapi? Bibi, mimi nilipangisha chumba, sikupangisha nusu chumba. Tafuta mwingine ukae naye, au lipa, au utoke."

Kutoka aende wapi? Hakuwa na ndugu katika mji ule. Mwanamke mmoja mpole alikuja kuomba nafasi, na fedha anazo mkononi, lakini Lubaba akamjibu, "Nafasi hii ina mwenyewe." Yule akaondoka akitikisa kichwa. Mzee Hilali aliposikia, akaghadhibika. "Una zulia la kulipa kodi ya msimu mzima, nawe unanililia njaa?"

"Ni amana, mzee wangu. Si langu."

Akauza sufuria yake ya shaba. Mwezi uliofuata akauza bushuti lake la kujifunikia. Taa akaacha kuiwasha, akawa anasokota gizani kwa kupapasa. Baridi ilipoingia alilala amejikunyata kwenye mkeka wake uliochakaa, na kando yake zulia nene limelala peke yake. Alifagia kandokando yake, asilikanyage. Wala msidhani moyo wake ulitulia. Leo alimkasirikia Unaisa, kesho akajikasirikia mwenyewe kwa kumdhania vibaya. Dua yake ikawa, "Ewe Mola wangu, mimi sijui. Ikiwa amenidhulumu, nimemsamehe. Ikiwa ninamdhulumu kwa dhana yangu, nisamehe mimi."

Tende zilipokaribia kuvunwa, Unaisa akarudi, mama yake amepona kwa rehema ya Allah. Alifungua mlango, akaliona zulia pale pale alipoliacha, akakaa kizingitini akaanza kulia.

"Dada yangu Lubaba, kumbe hukunisamehe! Hata malipo yangu umeyakataa?"

"Malipo gani?" Lubaba alishangaa. "Zulia lako sijaligusa, Allah ni shahidi wangu."

"Ndiyo hilo ninalolilia! Kwetu anayeihama nyumba kabla ya muda wake humtandikia mwenziwe kitu chake bora. Ni haki ya aliyebaki. Akiuze, alipie kodi. Mimi nilikuwa na haya kukutazama usoni kwa kuvunja ahadi, nikaona zulia litasema kwa niaba yangu."

"Kwetu lilisema unarudi."

Wakatazamana. "Mbona hukuniachia neno?" akauliza Lubaba. "Mbona hukunitafuta ukaniuliza?" akauliza Unaisa, kwani misafara ya milimani ilikuwa ikipita Wasit kila mara.

Zulia likauzwa siku ile ile. Lubaba alichukua nusu ya kodi ya miezi aliyobeba peke yake, akalinunua tena bushuti lake. Unaisa alipotaka kumlipia maji na mafuta pia, akakataa. "Kodi tuliahidi pamoja. Maji nimekunywa mimi, na taa haikuwashwa kwa ajili yako."

"Wala wewe hukuiwasha," alisema Unaisa, akiitazama taa iliyokauka, akaenda kununua mafuta.

Enyi ndugu zangu, nimekifikiria kisa hiki siku nyingi na bado sijui nimlaumu nani. Mmoja alilipa deni lake, na mwingine akalinda amana, na baina ya wema wao wawili mtu alilala na baridi. Kuuliza si ujinga, wala kusema si aibu. Inasemwa kwamba tangu hapo Lubaba hakumwacha mtu atoke nyumbani kwake, hata mgeni wa siku moja, bila kumshika mkono mlangoni na kumuuliza, "Umeniachia nini, na unanidai nini? Niambie kwa ulimi wako."