Iliki na Mafuta ya Papa

"Mafuta yaliyokaanga papa hayafichwi kwa iliki." Mnaitamka hovyo, wajukuu zangu, hata pasipostahili, kisha mnakuja kuniuliza imetoka wapi. Haya, wekeni simu chini. Methali hii ilianza hivi.

Pale Vanga palikuwa na Bi Mwanatumu, Mungu amrehemu, mwanamke mkaidi kama yeye sijapata kusikia. Alimlea Mishi, binti wa kaka yake. Mishi alikuwa ameolewa Pangani, akaachwa kabla ya mwaka kwisha. Sasa ilikuja posa kutoka Gazi, naye kijana huyo Mishi alimpenda kwelikweli. Shangazi akaamuru habari ya Pangani isitajwe kabisa.

Siku ya kupokea wageni, Bi Mwanatumu akatoa mafuta ya ufuta aliyokaangia papa juzi yake, eti yakaange mahamri. Mishi akamsihi wanunue mengine.

"Mafuta ni mafuta," akajibiwa. "Nimeyachuja kwa kitambaa, hebu tazama yalivyotakata!"

"Shangazi, kitambaa hushika makombo tu. Harufu yenyewe mafuta yameshainywa."

"Ongeza iliki kwenye unga."

Akaongeza. Karai lilipopata moto, jiko zima likanuka papa. Shangazi akasaga iliki nyingine, akaikanda humo humo. Mtu wa namna hii utamfanya nini? Mimi kusimulia tu nachoka, sembuse huyo aliyesimama naye jikoni.

Wageni wakafika, wakaandaliwa chai na mahamri. Bi Rukiya, mama wa mwoaji, akauma kipande, kikamkaa mdomoni asiweze kukimeza.

"Iliki imekolea," akasema kwa adabu.

"Kakaanga mwanangu mwenyewe," Bi Mwanatumu akadakia. "Mwanamwali huyu, hajapata kulala nje ya nyumba yangu!"

Hapo Mishi akalitua sinia kwa kishindo. Uvumilivu ulikuwa umemwishia.

"Basi, shangazi! Mafuta yaliyokaanga papa hayafichwi kwa iliki!" Akamgeukia mgeni. "Mama, mahamri haya yamekaangwa kwa mafuta ya papa. Na mimi niliolewa Pangani, nikaachwa. Mkinikataa, nikataeni leo, msingoje nishaingia kwenu."

Bi Mwanatumu akajifunika uso kwa leso, na Mishi akabaki amesimama, machozi yanamlenga.

Bi Rukiya akakitema kile kipande kiganjani, akashusha pumzi.

"Ya Pangani tuliyajua kabla hatujatoka Gazi, mwanangu. Tulichokuwa tukingoja ni mtu wa nyumba hii atuambie. Lakini papa! Huyo papa hatukumtarajia hata kidogo."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Mishi aliolewa Gazi, na mafuta ya harusi Bi Rukiya alikwenda kuyanunua mwenyewe, hakumwamini mtu.

Kwa hiyo mkiwa na jambo lenu, lisemeni mapema, msitutafunishe. Mafuta yaliyokaanga papa hayafichwi kwa iliki.