Kwa Nini Mkia wa Panya Uko Uchi

Mkono ulipenya sahanini mwangu, nikauchapa kofi. Nilidhani ni wa shemeji yangu Nuhu, aliyekuwa akilivizia paja langu la kuku tangu tuliponawa mikono. Kumbe ni wa mama mkwe, Bi Mwajabu, akiniongezea mchuzi! Mkeka mzima ukanigeukia. Nimekula kwa watu Kigoma, Lubumbashi mpaka Maskati, aibu kama ile sijawahi kuipata. Nikaona heri nijitetee.

"Nisamehe mama, ni njaa. Jamani, mnajua kwa nini mkia wa panya uko uchi?"

Enzi hizo panya alikuwa na mkia wa manyoya tele, mwororo kuliko wa paka! Ndugu wote walilala kiota kimoja, huyu akimfunika yule kwa mkia wake. Ghala lilikuwa limejaa, wagombee nini?

Mvua zikakata, ghala likabaki vumbi. Mnadhani hapo ndipo walipoumana? Wala! Walijikunja pamoja, wamenyong'onyea, wakipeana joto. Balaa lilikuja na chakula. Kitinda mimba aliokota karanga moja tu, akaja nayo mbio, akipiga kelele kwa furaha: "Mama, tumepona!"

Loo! Kaka yake masikio yakamlala, meno nje, akamrukia. Mwingine akamrukia kaka, na mwingine tena, kiota kikawa vurugu tupu. Manyoya yakapepea kama sufi! Karanga yenyewe ikabingirika shimoni, hakuna aliyeiona inakokwenda.

Mama yao akauliza, "Haya, mmeshiba?" Kila mmoja akafungua kinywa ajibu, yakamtoka manyoya ya mkia wa nduguye.

Basi toka siku ile mkia wa panya haukufunikwa tena, na njaa ikimbana humng'ata kwanza aliye karibu. Hata wale weupe wa maabara! Nimewahi kufagia maabara moja ughaibuni, nikawaona: chakula kikichelewa, wanaumana, wakishiba, wanalala wamerundikana, kila mmoja akitafuta blanketi lililopotea.

Watu wakacheka. Nikapumua.

"Kwa hiyo, mama," nikamalizia, "kosa si langu, ni la tumbo tupu."

Bi Mwajabu akapangusa mchuzi mkononi, taratibu.

"Panya walikuwa na njaa, mkwe wangu. Wewe hiyo ni sahani ya tatu."