Mji Mzima Ndani ya Chungu

Hapo zamani, enzi masultani walipokuwa wakiamini kila walichoambiwa kwa sauti ya upole, palikuwa na mji ukiitwa Kisimachole, wenye nyumba mia tatu. Mjini humo alikaa mpishi wa shughuli, jina lake Shaibu Pandu, fukara wa kutupwa, na watu walimdhania punguani kwa kuwa alizungumza zaidi na vyungu vyake kuliko alivyozungumza na wakwe zake. Pakiwa na harusi, Shaibu hupita nyumba kwa nyumba akiazima miiko, maana ndiyo ada ya mji: kila nyumba hutoa mwiko mmoja, nao mpini wake umechomwa kwa moto alama ya nyumba hiyo usije ukapotelea kwa jirani. Lakini mwaka ule mvua zilikata, harusi zikakoma, na Shaibu na mkewe Mize wakabaki na kitu kimoja tu cha kuringia, nacho ni kitunga cha mpunga wa mbegu, wakingojea masika wapande.

Basi siku moja ikapita mbiu: "Kila nyumba ilete pishi mbili za mpunga ghalani kwa Sultani kabla ya Ijumaa! Asiyeleta, nyumba yake si yake tena!"

Mize akakikumbatia kitunga kama mtu aliyekumbatia mwana. "Tukiutoa huu, mvua ikinyesha tutapanda nini? Kucha zetu?"

"Nakwenda kuuliza," akasema Shaibu.

"Kumwuliza Sultani? Ewe mwanamume, shingo inakuwasha?"

Shaibu akavaa kanzu yake ya viraka, akaenda. Akamkuta Sultani Mwinyi Hatibu barazani, na Waziri Sufiani kando yake akijipepea.

"Seyyid yangu," akasema Shaibu, "tumesikia mbiu. Watu wauliza, ni nani aliyekwambia kwamba tuna mpunga?"

"Waziri wangu amepeleleza," akajibu Sultani. "Amepiga hodi nyumba kumi, akakuta tisa zimeshiba."

"Zipi hizo, Seyyid?"

"Hizi za ukuta mmoja na kasri," akasema Waziri. "Ya tatu nilikaribishwa halua, ya saba sambusa. Ya kumi ilinibidi niombe maji, tumbo limejaa."

"Allah! Bwana Waziri ameonja chungu kwa juu, palipo na mafuta."

Watu wa barazani wakacheka kidogo, kisha wakakohoa. Sultani akakunja uso. "Ikiwa nyumba kumi hazikutoshi, basi kesho adhuhuri niletee mji wote hapa mbele yangu, isibaki hata nyumba moja. Lakini lango langu asilivuke mtu ila wewe. Ukishindwa, natwaa nyumba yako na mpunga wowote utakaokutwa humo."

"Nimesikia, nami nimetii," akasema Shaibu, akaondoka akichekacheka peke yake, na Waziri akasema, "Maskini, akili zimemruka."

Siku ile na asubuhi iliyofuata Shaibu akapita nyumba kwa nyumba akiazima miiko. "Kuna harusi?" wakamwuliza. Akawaambia, "Kuna shughuli." Wala hapana aliyemnyima, maana mpishi hanyimwi mwiko. Adhuhuri akaingia kasrini akiswaga punda wa gari, na garini mmekaa chungu kikubwa cha harusi.

"Mji uko wapi?" akauliza Sultani.

"Umo humu, Seyyid. Ulikataza watu, hukukataza miiko. Kila mwiko ni nyumba. Toa kumi, kisha tuma askari wakatazame mitungi ya nafaka ya nyumba hizo."

Waziri akaruka, akatia mkono juu juu. Shaibu akaushika. "Hebu ngoja, bwana! Miiko ya majirani zako niliipokea mwisho, nayo imelala juu. Chungu hakionjwi kabla ya kukorogwa." Akazamisha mikono hadi viwiko, akakoroga mpaka jasho likamtoka, akamfunga Sultani kitambaa cha macho. "Sasa chota, Seyyid. Hapa mkono haujui tajiri wala maskini."

Sultani akatoa miiko kumi. Askari wakasoma alama, wakaenda, wakarudi. Nyumba saba kati ya kumi mitungi ilikuwa mitupu, buibui wamejenga.

"Bahati mbaya hiyo!" akalia Waziri. "Kumi ni chache!"

"Huenda," akasema Shaibu. "Rudisha, tukoroge tena."

Wakakoroga, Sultani akachota, na safari hii Waziri akataka aende mwenyewe na makubadhi yake juani. Akarudi anachechemea. "Nane," akasema, akaketi kuvua makubadhi. Mara ya tatu akasingizia miguu, wakaenda askari, ikawa saba.

"Seyyid yangu," akasema Shaibu, "bahati ni kama mgeni asiye na adabu, leo huja hivi, kesho vile. Haiji mara tatu na sura ileile. Saba kwa kila kumi, basi katika mia tatu ni kiasi cha mia mbili na kumi. Huenda zikapungua kidogo, huenda zikazidi. Lakini nyumba zenye njaa haziwi tena thelathini, moja kwa kila kumi, kama alivyohesabu Waziri, hata ukoroge mpaka Idi."

Sultani akachungulia chunguni. "Na mwiko wa jikoni kwangu, ni upi?"

"Haumo, Seyyid. Nilipopita, wapishi wako waliniambia miiko yote ishirini na mitatu iko kazini."

Sultani akatazama chini, uso ukamwiva kwa haya, kisha kicheko kikamtoka, akacheka mpaka kilemba kikamwangukia magotini. Akaagiza mbiu ipigwe tena: asilete mtu hata punje, ghala lifunguliwe, na kila nyumba yenye mtungi mtupu ipewe pishi mbili. Na kwa vile haikujulikana bado ni zipi, Waziri Sufiani akaamriwa kupiga hodi zote mia tatu, moja moja, kwa miguu yake.

Shaibu akarudi nyumbani. Mize alikuwa kizingitini, kitunga mapajani, hajakiweka chini tangu asubuhi.

"Tunabaki nacho?" akauliza.

"Tunabaki nacho," akasema Shaibu. "Nitafutie jembe."

Mvua ikaja, mpunga ukaota, ukavunwa, na waliokula wakashiba. Kama yuko aliyeachwa na njaa siku ile, hatukumsikia.